Mtoto wa Mbwa Ana Homa: Cha Kufanya Kabla ya Kufika kwa Daktari

Asubuhi moja Shaba hakuja mlangoni. Alikuwa na umri wa wiki 9, manyoya mekundu ya rangi ya shaba, na tangu tumlete hapa kwetu Morogoro yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kunikanyaga vidole nikifungua mlango wa jikoni. Siku ile nilimkuta nyuma ya pipa la maji, amejikunja kwenye saruji yenye ubaridi, macho yamelegea. Nikamshika masikio: yanawaka. Nikampigia simu daktari wa mifugo, nikamwambia mbwa wangu ana homa kali. Akaniuliza jambo moja tu: "Kaka, umempima au umemgusa?"

Nilikuwa nimemgusa. Hadi leo mtu akinipigia usiku kuniambia kilebu wake, yaani mtoto wake wa mbwa, anachemka, swali langu la kwanza ni lile lile la daktari.

Mwongozo huu ni kwa mtu aliye mahali nilipokuwa asubuhi ile: ana kilebu mgonjwa mikononi, daktari yuko mbali au hajafungua, na kila jirani ana dawa yake. Homa ni mwili ukipigana na kitu. Ukiwa nyumbani kazi yako ni kujua joto limefika wapi, kumzuia mbwa asikaukiwe maji, kujizuia usimpe dawa za binadamu, na kumfikisha kwa daktari ukiwa na maelezo ya kutosha.

1. Mpime joto

Mbwa ana joto kuliko sisi. Mbwa mwenye afya huwa na nyuzijoto 38 hadi 39.2. Mtoto wako akifika 39 humkimbiza hospitali, lakini mbwa mwenye 39 yuko salama. Ndiyo maana mkono unadanganya: ukimgusa mbwa mzima kabisa utamwona ana joto, na wa homa utamwona wa kawaida. Pua kavu nayo haisemi kitu. Mbwa akiamka usingizini au akilala karibu na jiko la mkaa pua hukauka, na kuna mbwa wenye homa ya 40 ambao pua zao zina unyevu kama kawaida.

Nunua kipimajoto cha kidijitali kwenye duka la dawa. Chenye ncha inayopinda ni bora zaidi. Vile vya kioo viache, kwa sababu kilebu akishtuka kinaweza kuvunjikia ndani.

Tafuta mtu wa kukusaidia. Mmoja ampakate, mkono mmoja chini ya kifua, mwingine ukimtuliza kichwani. Mwenye kupima apake ncha ya kipimajoto mafuta ya mgando, ainue mkia taratibu, aingize ncha kwenye njia ya haja kubwa kama sentimita 2 tu, sambamba na uti wa mgongo, huku akiizungusha kidogo. Kikikwama usikisukume. Subiri kilie, soma namba, iandike pamoja na saa, kisha kifute kwa spiriti. Kama alikuwa anakimbia au amelala juani, mpumzishe kivulini dakika 20 kwanza.

Namba utakayopata isome hivi. Kuanzia 39.5 ana homa. Mwangalie kwa karibu na mpime tena baada ya saa 2. Ikifika 40 anahitaji daktari siku hiyo hiyo, hata kama bado anatikisa mkia. Ikifika 41 ni dharura, ondoka nyumbani sasa hivi.

Na kuna namba ya upande wa pili ambayo watu huisahau. Kilebu aliyekuwa na homa jana, leo amepoa hadi chini ya 37.5 na hawezi kusimama, hajapona. Mwili wake umeshindwa kupigana. Nimeona watu wakifurahi, "afadhali homa imeshuka", saa chache kabla mbwa hajafa. Huyo mfunike, umpeleke haraka kuliko yule mwenye 40.

Kwa walio chini ya wiki 4 mambo ni tofauti. Kilebu wa wiki ya kwanza huwa na joto la 35 hadi 37 tu, na wa wiki ya pili na ya tatu kati ya 36 na 38. Bado hawajaweza kujipatia joto wenyewe, wanategemea tumbo la mama yao. Hatari yao kubwa ni baridi. Akiwa wa baridi usimnyweshe maziwa, kwa sababu tumbo la kilebu aliyepoa halisagi chakula. Mpashe joto kwanza taratibu, kwa chupa ya maji ya uvuguvugu iliyozungushiwa kanga, kisha nenda kwa daktari.

2. Hakikisha ni homa, si jua

Banda la mabati lisilo na kivuli linaweza kumuua mbwa mchana mmoja wa Januari. Kama alifungwa juani, au aliachwa kwenye gari, na sasa anahema kwa nguvu, mate mazito yanamtoka, fizi nyekundu sana, anayumba, huyo amezidiwa na joto la nje. Mhamishie kivulini, mmwagie maji ya kawaida mwili mzima, mpepee, mpe maji anywe mwenyewe kama ana fahamu, na muanze safari huku mkiendelea kumlowesha. Kipimajoto kikifika 39.4 acha kumlowesha, maana joto litaendelea kushuka lenyewe.

Mwenye homa ya ugonjwa hahitaji kumwagiwa maji. Akimwagiwa atatetemeka, na kutetemeka kunapandisha joto. Kitambaa kilicholoweshwa maji ya kawaida, kipitishwe kwenye nyayo, masikio na kinena, kinatosha kumpa nafuu. Barafu usitumie kabisa.

3. Fungua mdomo, tazama fizi

Kama ningeruhusiwa kumfundisha mfugaji kitu kimoja tu baada ya kipimajoto, ningemfundisha fizi.

Inua mdomo wa juu pembeni, palipo na chonge. Fizi nzuri ni ya waridi na ina utelezi. Ibonyeze kwa kidole mpaka ipauke, achia, kisha hesabu: rangi inapaswa kurudi ndani ya sekunde 2. Ikichelewa, damu haizunguki vizuri. Ukigusa ukakuta fizi inanata kama gundi inayoanza kukauka, mbwa amepungukiwa maji. Fizi nyeupe kama karatasi ni upungufu wa damu, mara nyingi kupe au minyoo. Fizi ya manjano ni ini au damu inayovunjika. Fizi nyekundu ya tofali inaweza kuwa sumu ya bakteria iliyosambaa kwenye damu.

Mbwa wetu wengi wa kienyeji wana fizi nyeusi, na mtu hukata tamaa hapo. Vuta kope ya chini ya jicho utazame utando wa ndani. Rangi utaipata.

Kuna pia kipimo cha ngozi: shika ngozi ya mabegani, ivute juu, achia. Ikibaki imesimama badala ya kurudi papo hapo, amekauka. Ila kwa vilebu wadogo sana ngozi hudanganya, hivyo amini fizi zaidi.

4. Maji, kidogo kidogo

Mtoto wa mbwa hana akiba ya maji. Akiwa na homa, akahema, halafu akaharisha mara tatu, anaweza kuisha kati ya asubuhi na jioni.

Weka maji safi karibu na pua yake, asilazimike kutembea. Kama anaharisha, tumia ORS ya duka la dawa, ichanganye kama pakiti inavyosema. Ukiwa huna, chemsha maji lita 1, yaache yapoe, weka vijiko 6 vya chai vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Usiongeze chumvi kwa huruma.

Akikataa kunywa, chukua bomba la sindano la mililita 5, ondoa sindano, mlaze kifudifudi kichwa kikiwa sawa na mwili, wala usikielekeze juu. Ingiza ncha ya bomba pembeni ya mdomo, kwenye mfuko wa shavu, sukuma tone kwa tone na umwache ameze. Kwa kilebu wa kilo 2, mililita 5 hadi 10 kila dakika 15 au 20 zinatosha. Watu wengi hushika kichwa wakakiinua, wakamwaga kikombe kizima kooni. Maji yakiingia mapafuni umemwongezea nimonia juu ya homa. Kama amelegea kiasi cha kushindwa kumeza, au anatapika kila anachopewa, acha kabisa. Huyo anahitaji dripu.

Kilebu mdogo ambaye hajala tangu jana, anayumba na kutetemeka, huenda sukari yake imeshuka. Mpake asali au maji mazito ya sukari kwenye fizi kwa kidole, kiasi kidogo. Inamfikisha kwa daktari, haimponyi.

5. Panadol, Brufen, diclofenac: hapana

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu nina deni.

Mbwa wangu wa kwanza, miaka mingi kabla ya Shaba, alipata homa nikampa mwenyewe kidonge cha diclofenac nilichokitoa kabatini, kilekile nilichokuwa nameza mgongo ukiniuma. Siku ya pili alitapika damu iliyokuwa kama machujo ya kahawa. Siku ya nne tulimzika chini ya mwembe. Sikujua. Hakuna aliyekuwa ameniambia, na siku hizi namwambia kila mtu.

Tumbo na figo za mbwa hazistahimili dawa hizi kama zetu. Ibuprofeni, ndiyo Brufen, na diclofenac hutoboa tumbo na kuua figo. Aspirini nayo huleta vidonda vya tumbo na kuzuia damu isigande, na kwa mbwa mwenye ugonjwa wa kupe, ambaye damu yake tayari haigandi vizuri, ni hatari maradufu. Paracetamol, ndiyo Panadol, huharibu ini na kuifanya damu ishindwe kubeba oksijeni. Kwa mbwa wa kilo 2, kidonge kimoja cha miligramu 500 ni kama wewe mwenye kilo 60 umeze vidonge 30 kwa mpigo. Zipo dawa za homa na maumivu zilizotengenezwa kwa ajili ya mbwa. Daktari atapima uzito na kukupa hizo.

Asubuhi ile ya Shaba, mama jirani aliniambia kwa upole kabisa, "Baba, mpe nusu Panadol alale, ataamka mzima." Nilimshukuru, nikaenda kuchukua kipimajoto.

Kuna na vingine. Antibayotiki zilizobaki za mtoto wa nyumbani usimpe, hujui unatibu nini na unampotezea daktari ushahidi. Muarobaini na shubiri zenye uchungu humfanya atapike na kutokwa povu, akapoteza maji zaidi. Maziwa ya ng'ombe huongeza kuharisha. Na usimruhusu mtu yeyote amchome sindano ya ng'ombe ya diminazini kwa kukadiria. Dawa hiyo hutibu homa ya kupe kweli, lakini kwa mbwa nafasi kati ya tiba na sumu ni finyu mno, na ikizidi huvujisha damu kwenye ubongo. Ipimwe na daktari, kwa uzito uliopimwa kwenye mizani.

6. Mahali pa kulala na chakula

Pasiwe na upepo, pasiwe na jua, pawe na sakafu kavu. Boksi pana lililotandikwa kitenge kikuukuu linafaa. Mwache achague: upande mmoja kitambaa, upande mwingine sakafu tupu, atahamia anapojisikia vizuri. Usimvishe blanketi zito kisa anatetemeka. Mtenge na mbwa wengine, chombo chake cha maji kiwe chake peke yake, na watoto wasimbebe.

Asipokula kwa nusu siku usimlazimishe. Akianza kutaka, mpe wali laini uliochemshwa na kifua cha kuku bila mifupa, bila ngozi, bila chumvi. Kitunguu maji na kitunguu saumu havitakiwi hata kwenye mchuzi, maana huvunja chembe nyekundu za damu. Kijiko kimoja, subiri nusu saa, kisha kingine.

7. Mkague mwili mzima

Daktari atauliza maswali, na majibu yako kwenye mwili wa mbwa. Kaa naye kwenye mwanga, pita mwili mzima kwa vidole.

*Kupe.* Huku kwetu hii ndiyo ya kwanza kufikiriwa. Angalia ndani ya masikio, katikati ya vidole, kwapani, chini ya mkia. Kupe wa mbwa hubeba vimelea viwili vinavyotutesa sana: babesia, vinavyopasua chembe nyekundu za damu, na erlichia, bakteria wanaokaa ndani ya chembe nyeupe na kumaliza chembe zinazogandisha damu. Mwenye babesia hupauka fizi, hulegea, mkojo wake hubadilika rangi ukawa kama chai ya rangi. Babesia wa Afrika kusini mwa Sahara ni mkali, huweza kuua kwa siku chache. Mwenye erlichia anaweza kutokwa damu puani au kupata madoadoa mekundu tumboni.

Kupe mng'oe kwa kibano, umshike karibu kabisa na ngozi, umvute moja kwa moja bila kumnyonga. Usimchome kwa njiti ya kiberiti wala kumpaka mafuta ya taa. Na kilebu asiogeshwe dawa ya josho la ng'ombe. Nyingi zina nguvu ya kumuua.

*Parvo.* Akiwa na umri wa wiki 6 hadi miezi 6, hajamaliza chanjo, anatapika, halafu anaharisha choo chenye damu na harufu kali ambayo ukiinusa mara moja hutaisahau, usisubiri hata kipimo cha pili cha joto. Parvo hula utando wa utumbo na kushusha kinga kwa wakati mmoja. Virusi hivi vilitambuliwa mwaka 1978 na ndani ya miaka michache vikawa vimeenea dunia nzima. Hakuna dawa ya kuviua mwilini, lakini dripu, dawa za kuzuia kutapika na antibayotiki za kukinga maambukizi mengine humvusha mbwa mpaka mwili ushinde wenyewe. Anayetibiwa mapema ana nafasi nzuri. Anayeachwa nyumbani mara nyingi hufa.

*Distempa.* Nao ni ugonjwa wa virusi. Tongo za kijani machoni, makamasi mazito, kikohozi, baadaye taya au mguu unaanza kucheza wenyewe hata akilala. Nyayo na pua huweza kuwa ngumu kama soli. Huambukiza kwa hewa, kwa hiyo wengine wa mtaani wako hatarini.

*Mabuu ya nzi.* Ukanda wa Pwani hasa, na hata huku Morogoro. Ni yule nzi ambaye kwa sababu yake mama zetu hupiga pasi hadi nguo za ndani zilizoanikwa nje. Hutaga mchangani na kwenye matandiko yenye mkojo, buu hupenya ngozi ya kilebu aliyelala. Utaona jipu lenye tundu dogo katikati, wakati mwingine majipu 20 kwa mbwa mmoja. Paka mafuta ya mgando juu ya tundu, buu akikosa hewa atatokeza; mbane kutoka pande mbili atoke mzima. Akipasukia ndani kidonda huvimba na homa hupanda. Badilisha matandiko yote.

*Homa ya mgunda.* Panya wengi, mvua nyingi, mkojo mweusi, macho ya manjano. Ni leptospirosisi, ambayo mwaka 2022 ilizuka kule Lindi na watu wakafa. Mbwa anaweza kukuambukiza kwa mkojo wake, hivyo vaa glovu unapomsafisha.

*Chanjo ya juzi.* Kama alichanjwa jana au juzi, homa ndogo ya siku 1 au 2 na usingizi mwingi ni kawaida. Uso ukivimba au akihema kwa shida, mrudishe mara moja.

*Kichaa cha mbwa.* Hili nalisema kwa sauti. Mtoto wa mbwa naye hupata kichaa, na chanjo yake kwa kawaida hutolewa akiwa na miezi 3, maana yake wengi wa vilebu wetu bado hawana kinga. Ukiona taya limelegea, mate yanatiririka, hawezi kumeza, sauti ya kubweka imebadilika, anauma fimbo au hewa, au amekuwa mkali ghafla, usiingize mkono mdomoni ukidhani kuna mfupa umekwama. Wengi hupata kichaa hapo. Mfungie, mpigie afisa mifugo. Akikuuma, akikukwaruza, au mate yake yakiingia kwenye kidonda chako, osha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo ukaanze chanjo. Dalili zikishatokea kwa mtu, tiba hakuna.

8. Nenda na maelezo

Andika. Kichwa cha mtu mwenye hofu hakikumbuki. Karatasi niliyokwenda nayo siku ya Shaba ninayo mpaka leo:

"Saa 2 asubuhi: 40.6. Hajala tangu jana jioni. Maji kidogo. Mkojo mara 1, rangi ya chai ya rangi. Choo hakuna. Hajatapika. Fizi nyeupe, rangi inarudi sekunde 3. Kupe 7: masikioni 5, vidole vya mguu wa nyuma 2. Dawa ya minyoo wiki 2 zilizopita. Chanjo 1. Hajapewa dawa yoyote."

Daktari aliisoma akiwa amesimama. Hakuuliza chochote zaidi. Akamtoboa ncha ya sikio, akachukua tone la damu, akalipaka kwenye kioo, maana vimelea vya babesia hupatikana kwa urahisi zaidi kwenye mishipa myembamba ya pembeni. Ndani ya nusu saa alinitazamisha kwenye hadubini: chembe nyekundu, na ndani yake vitu vidogo vyenye umbo la tone la maji, viwili viwili, vimegusana ncha.

Kama uko mbali na kliniki, anza na afisa mifugo wa kata, anaweza kuja nyumbani. Sisi wa Morogoro tuna hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Wenzetu wa Nairobi wana ile ya chuo kikuu kule Kabete. Chukua choo au matapishi kwenye mfuko safi. Kwenye bajaji mbebe ndani ya boksi lililotandikwa mfuko wa nailoni chini na kitambaa juu. Usimshushe chini kwenye uwanja wa kliniki: kama ana parvo atawaachia wengine, na kama hana ataibeba.

9. Mkirudi nyumbani

Mpime joto asubuhi na jioni mpaka siku 3 mfululizo liwe chini ya 39.3. Tazama fizi kila mara. Dawa imalizwe. Ya erlichia kwa kawaida hutumika wiki 4, na tatizo ni kwamba kilebu huanza kurukaruka siku ya tatu, mwenye mbwa akaona inatosha. Vimelea hujificha, na ugonjwa ukirudi baada ya miezi huwa umefika kwenye uboho, ambako damu hutengenezwa.

Kama ilikuwa parvo, osha sakafu kwa sabuni kwanza, kisha mwagia jiki, sehemu 1 kwa sehemu 30 za maji, iache dakika 10. Udongo hauoshwi. Virusi hukaa humo mwaka mzima na zaidi, kwa hiyo usilete kilebu mwingine asiyemaliza chanjo kwenye uwanja huo.

Mbwa akishapona vizuri rudi kwa daktari mpange chanjo zilizobaki. Vilebu huchanjwa mara kadhaa, kuanzia wiki 6 au 8 mpaka wiki 16, kwa sababu kinga waliyonyonya kwa mama yao huzuia chanjo isifanye kazi, na hakuna ajuaye ni wiki ipi hasa itaisha kwa kilebu gani. Anayechanjwa mara moja tu bado yuko wazi. Dawa ya minyoo mpe kila wiki 2 mpaka afikishe miezi 3, na dawa ya kupe iwe ile ya mbwa, ya umri wake na uzito wake.

Kipimajoto kioshe, kifute kwa spiriti, na uandike juu yake kwa kalamu ya wino mzito: MBWA. Cha kwangu kinakaa kwenye kopo moja na kadi ya chanjo ya Shaba, mafuta ya mgando, kibano, bomba la mililita 5 na pakiti 2 za ORS, juu ya rafu ya jikoni, mahali ambapo hata mwanangu wa darasa la pili anaweza kupafikia nikimwambia akimbie.